Spea za gari kuukuu: ‘Orijino’ ni ya nani, na nani hasa anayeichagua?

MWENYE gari jipya hasumbuliwi sana na suala la vipuri. Gari lake lina dhamana, wakala yupo, na likiharibika hurudishwa lilikonunuliwa. Swali la spea ipi inunuliwe ni la mwenye gari kuukuu, na katika nchi yetu hao ndio wengi. Kwa mtu mwenye Noah ya zamani inayobeba abiria na magunia yao baina ya Mlandizi na vijiji vya Dutumi, wilayani Kibaha, swali hilo huja kila msimu wa masika unapomalizika na gari kuanza kulia chini. Jibu lake haligusi mfuko wake peke yake. Linawagusa pia watu walioketi nyuma ya dereva, ambao hawana njia ya kujua breki za gari hilo zimefungwa pedi gani.

Swali lenyewe huulizwa kwa namna moja tu: ninunue orijino au nichukue ya kawaida? Hoja ya makala haya ni kwamba swali limeulizwa vibaya. Rafu za duka la spea hazina aina mbili za bidhaa, zina tano. Na mara nyingi anayechagua si yule anayelipa, wala si yule atakayeumia.

Tuanze na umri wa magari yenyewe. Noah ile ya umbo la kwanza, yenye injini chini ya viti vya mbele, ilianza kutengenezwa na Toyota mwaka 1996 ikaachwa mwaka 2001. Maana yake ni kwamba hata iliyo changa kuliko zote imezeeka kiasi cha robo karne. Kenya inazuia kuingizwa kwa gari lililozidi miaka minane tangu lilipotengenezwa. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2018, ilifunga mlango kwa magari yaliyozidi miaka 15. Tanzania ilichagua njia ya kodi: gari la zamani linaingia, ila linatozwa ushuru wa uchakavu. Njia hiyo imewawezesha watu wengi wa kipato cha wastani kumiliki chombo cha usafiri, na hilo ni jambo la heri. Lakini imefanya pia magari yaanze maisha yake ya hapa nchini yakiwa tayari yamekula chumvi, halafu yashuke ngazi kwa ngazi. Huanzia mjini kwenye lami, na yakichoka huuzwa kwa mtu anayekwenda kuyatumia kwenye barabara mbaya kuliko zote. Gari dhaifu zaidi ndilo hupewa kazi ngumu zaidi.

Ndiyo sababu biashara ya spea imekuwa kubwa kiasi hiki. Ukitembea Gerezani na Kariakoo jijini Dar es Salaam, Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi au soko la Kisekka mjini Kampala, utakuta mitaa mizima inayoishi kwa magari ya Kijapani yaliyozeeka. Na katika mitaa yote hiyo, neno linalotajwa kuliko yote ni hilo ‘orijino’.

Neno hilo linabeba mizigo mingi. Watu wengi huamini kwamba spea orijino ya Toyota imetengenezwa na Toyota. Kwa sehemu kubwa si kweli. Kampuni ya magari huunda gari kwa kukusanya vipuri vya viwanda vingine vingi. Oltaneta, stata na plagi nyingi hutoka Denso, kampuni iliyotenganishwa na Toyota mwaka 1949. Pampu za maji na vifaa vya klachi vingi hutoka Aisin. Shokapu nyingi ni za KYB. Kifaa kilekile kikiingizwa kwenye boksi la Toyota huwa na bei moja, na kikiuzwa kwenye boksi la kiwanda kilichokitengeneza huwa na bei nyingine, aghalabu ya chini. Kwa hiyo mtu anayenunua pampu ya Aisin kwenye boksi la Aisin hajanunua kitu duni. Mara nyingi amepata kilekile ambacho kiliwekwa kiwandani, isipokuwa hakulipia boksi.

Rafu ya tatu ni ya viwanda huru, ambavyo havikuhusika na gari lilipoundwa lakini hutengeneza spea za kulifaa. Hapa ndipo penye tofauti kubwa. Vipo viwanda vya Japani vyenye sifa ya miaka mingi, kama Sankei inayotengeneza boljointi na tairodi za alama ya 555 ambazo mafundi wa Afrika Mashariki huzitaja kwa heshima. Vipo vya Taiwan, Thailand, India na China ambavyo bidhaa zake ni nzuri. Vipo pia vinavyotengeneza kwa bei ambayo mwagizaji ameitaka, na mwagizaji akitaka ya chini kabisa, kiwanda humpa ya chini kabisa. Kumlaumu ‘Mchina’ kwa kila spea mbovu ni uvivu wa fikra. Aliyeagiza hafifu ni mfanyabiashara wetu, na aliyeinunua ni sisi.

Rafu ya nne ni ya mtumba, yaani vipuri vilivyotolewa kwenye magari yaliyokatwa, ambavyo Ilala inasifika kwavyo. Ya tano ni feki: kifaa kilichotengenezwa popote pale na kuvalishwa jina la mtu mwingine.

Wenzetu wa Umoja wa Ulaya walilikabili jambo hili kisheria kwa kanuni ya mwaka 2002 kuhusu ushindani katika biashara ya magari. Kanuni hiyo ilikubali kwamba spea iliyotengenezwa kwa vipimo na viwango vya mtengenezaji wa gari ni spea halisi hata kama haikupitia mikononi mwake, na kwamba kiwanda kina haki ya kuuza bidhaa yake chini ya jina lake. Hoja yao ilikuwa nyepesi: mwenye gari asifungwe kwa mnyororo wa boksi moja. Sisi tumelichukua neno bila maana yake. Kwa muuzaji wa Kariakoo, orijino yaweza kuwa ya boksi la Toyota, yaweza kuwa ya Denso, yaweza kuwa ya mtumba kutoka Japani, na kwa wasio waaminifu yaweza kuwa yoyote ile ambayo mteja yuko tayari kuilipia.

Hapa panahitajika kutenganisha mambo mawili ambayo huchanganywa hata na viongozi wanapohutubia. Feki ni kosa la jina. Hafifu ni kosa la ubora. Spea feki, iliyoiba alama ya mwenzake, ni kazi ya Tume ya Ushindani, FCC, iliyoanzishwa chini ya sheria ya mwaka 2003 na inayosimamia pia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Spea isiyofikia kiwango ni kazi ya Shirika la Viwango, TBS. Pedi ya breki yaweza kuwa na jina lake halali kabisa, kodi imelipwa, alama haikuibwa, na bado ikawa haishiki. FCC haina cha kuikamatia. Ndiyo maana picha za shehena za feki zikiteketezwa, ambazo huonekana magazetini kila mara, zinafurahisha macho kuliko zinavyopunguza ajali.

Baada ya kuzijua rafu, mwenye gari kuukuu afanyeje? Jibu la kwamba anunue orijino kila kitu ni jibu la mtu asiye na gari kuukuu. Gari lenyewe huenda halina thamani ya kubeba gharama hizo, na baadhi ya spea za modeli za zamani viwanda vimeacha kuzitengeneza. Toyota ilipotangaza mwaka 2021 kwamba itarudia kutengeneza baadhi ya vipuri vya Land Cruiser za mfululizo wa 40, habari hiyo ilipokelewa na wapenzi wa magari hayo duniani kote kama sikukuu. Noah ya Dutumi haitarajii sikukuu ya namna hiyo.

Kipimo cha kwanza kiwe: kifaa hiki kikikatika ghafla, nini kinatokea? Taa ya nyuma ikifa, trafiki atakuandikia faini. Bampa la bei nafuu likipauka, hakuna aliyeumia. Lakini boljointi ikichomoka, tairi la mbele hulala na usukani huwa pambo. Pedi za breki zikiwa za mchanganyiko hafifu, hushika vizuri gari likiwa tupu na pedi zikiwa baridi, kisha hulegea zikipata moto, na moto huo hupatikana pale hasa zinapohitajika: gari limejaa, limeingia barabara ya Morogoro, mbele kuna lori la Zambia lililosimama ghafla. Kwa breki, usukani na vifaa vinavyoshikilia magurudumu, rafu ni mbili za kwanza, au ya tatu kwa jina ambalo fundi amelijaribu miaka mingi. Hapo hapana mjadala wa bei.

Kipimo cha pili ni barabara. Hili linasahauliwa kwa sababu ushauri mwingi wa magari huandikwa kwa ajili ya watu wa lami. Kinachoua boljointi kwenye barabara ya vumbi si chuma, ni ule mfuko mdogo wa mpira unaofunika grisi. Mpira ukiwa wa daraja la chini hupasuka mapema kwa jua na matope, grisi hutoka, mchanga huingia, na baada ya hapo chuma hata kiwe cha Japani kitasagika tu. Vivyo hivyo kwa bushi, kwa mifuko ya ekseli na kwa sili za shokapu. Tofauti ya bei kati ya spea mbili zinazofanana kwa macho mara nyingi imejificha kwenye mpira. Mtu wa Dar es Salaam anayekwenda kazini na kurudi kwa lami aweza kununua ile ya bei ya kati na akakaa nayo muda mrefu. Mtu wa Dutumi akinunua hiyohiyo atairudia kabla ya masika mengine.

Mtumba nao usidharauliwe, wala usiabudiwe. Stata, oltaneta, giaboksi, milango, taa na hata injini nzima iliyotoka kwenye gari la Japani lililokatwa, mara nyingi ni bora kuliko kitu kipya chenye jina la kubuni. Injini ya Noah hiyo, ya aina ya 3S, ilifungwa pia kwenye Carina, Corona, Camry na RAV4 za enzi zake, hivyo vifaa vyake vya mtumba havijaadimika. Lakini kitu kinachoisha kwa kutumika hakinunuliwi mtumba: pedi, boljointi, mikanda, mipira, beringi. Huko ni kununua uchovu wa mtu mwingine. Na kuhusu vioo vya pembeni vya mtumba, wakazi wa Dar es Salaam wanajua kwa nini watu huchora namba za usajili kwenye vioo na taa za magari yao. Wapo walionunua vyao wenyewe.

Turudi kwenye bei, kwa kuwa ndiyo inayosemwa kuamua yote. Tuchukue mfano wa hesabu tu, si bei ya duka lolote. Spea moja ni shilingi 40,000 na inadumu miezi minne. Nyingine ni shilingi 120,000 na inadumu miaka miwili. Fundi anachukua 20,000 kila anapofungua. Kwa miaka miwili, ya kwanza itanunuliwa mara sita na kugharimu shilingi 360,000 pamoja na ufundi. Ya pili itagharimu 140,000. Hapo hatujahesabu siku ambazo gari halikufanya kazi, wala nauli ya kufuata spea mjini. Kila mwenye gari anaijua hesabu hii. Hainunui ile ya 120,000 kwa sababu siku gari lilipoharibika alikuwa na 60,000, na kesho yake watoto wanadaiwa ada. Umaskini una kodi yake, na kodi hiyo hailipwi TRA.

Hata hivyo, wapo wenye uwezo wa kununua iliyo bora na bado gari lao likafungwa hafifu. Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Gari la abiria la vijijini kwa kawaida lina watu watatu. Tajiri, mwenye gari, huenda anaishi mjini na analiona mara chache. Dereva analeta hesabu ya siku, na kinachobaki ndicho chake. Fundi ndiye anayetajiwa tatizo na ndiye anayekwenda dukani au kuagiza. Gari likisimama gereji, dereva hana hesabu wala hana chake, hivyo anataka litoke haraka. Matengenezo madogo mara nyingi humwangukia yeye, hivyo anataka rahisi. Fundi hupata cha juu kwa muuza spea, na cha juu kikubwa hakitoki kwenye boksi la wakala lenye bei inayojulikana. Kinatoka kwenye spea ambayo imenunuliwa 35,000 na kuandikwa 80,000. Tajiri akiwa mbali huambiwa kwa simu kwamba imefungwa orijino. Analipa bei ya rafu ya kwanza na gari lake linatembea na rafu ya mwisho.

Sisemi mafundi ni wezi. Fundi hupewa ujira mdogo wa kufunga na hutarajiwa aishi kwa cha juu; mfumo wenyewe unamlipa kwa kununua vibaya. Tajiri anayekataa kulipa ufundi wa haki, kisha akashangaa spea kuwa ghali, amejipangia mwenyewe. Wamiliki wachache waliojifunza hufanya mambo matatu: huulizia namba ya spea wenyewe kwa kutumia namba ya chesisi, hulipa dukani moja kwa moja, na hudai kifaa cha zamani kirudishwe ndani ya boksi la kile kipya. Fundi naye huongezewa ujira. Namba ya spea ya Toyota, ambayo kwa kawaida ni tarakimu na herufi kumi zilizogawanywa katikati kwa kistari, ni shahidi asiyependelea upande. Boksi huigizwa, lakini namba isiyolingana na gari humuumbua muuzaji papo hapo.

Ufundi wenyewe pia unaua spea nzuri. Kuna bushi ambazo hazipaswi kukazwa gari likiwa limening’inia juu ya jeki, kwa sababu likishushwa mpira hubaki umejikunja na huchanika kabla ya wakati. Nati zake hukazwa mwisho gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Shokapu ikibanwa kwa plaizi kwenye ule mti wake unaong’aa, huchubuka, na mchubuko huo hukata sili mpaka mafuta yavuje. Mwenye gari huondoka akilalamika kwamba siku hizi hata orijino ni feki. Si mara zote. Wakati mwingine ilifungwa vibaya.

Tatizo jingine ni risiti. Wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka Mei 2023, hata Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akalazimika kukutana nao Mnazi Mmoja, na walipofunga tena Juni 2024, mjadala wote ulikuwa wa kodi na usumbufu wa wakaguzi. Malalamiko hayo yalikuwa na uzito wake. Lakini mnunuzi hakuwa na kiti katika mazungumzo hayo. Kwake yeye risiti ndiyo ushahidi pekee kwamba pedi hii ilinunuliwa duka hili tarehe hii kwa jina hili. Anayepunguziwa shilingi elfu tano ili asidai risiti ameuza haki yake ya kurudi. Spea ikikatika wiki ya pili, hana pa kwenda, si FCC wala mahakamani.

Serikali kwa upande wake imeelekeza nguvu kwenye milango ya kuingilia bidhaa, nayo ni kazi ya lazima. Hata hivyo, spea huonyesha tabia yake barabarani. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza gari bovu kutumika, na LATRA, iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019, ndiyo yenye leseni za magari ya abiria. Kinachokosekana ni ukaguzi wa kweli unaowafuata watu waliko, badala ya stika ya Wiki ya Nenda kwa Usalama inayobandikwa mara moja kwa mwaka kwenye kioo ambacho hakina ugonjwa wowote. Magari yanayopeleka watu Dutumi, Kwala na vijiji vya upande wa Kisarawe hupita au hulala katika vituo vichache vinavyojulikana, Mlandizi kikiwa kimojawapo. Kukagua boljointi, tairodi na unene wa pedi hakuhitaji mtambo wa mamilioni. Kunahitaji shimo la ukaguzi, mtalimbo, tochi na mtu anayejua anachokitafuta, tena mara mbili kwa mwaka: kabla ya masika, na yakishakwisha.